Speza kwenye Gari la Umeme la Kasi: Mahali pa Gurudumu na Namna Linavyofungwa

Mmiliki wa Tesla Model 3 Performance anayetaka kuyasogeza nje magurudumu ya gari lake kwa milimita 15 kila upande atapata majibu yanayopingana, na yote atapewa kwa uhakika uleule. Muuza rimu atamwambia kuwa speza, yaani pete inayowekwa kati ya habu na rimu, ni kipande cha alumini tu, kwamba hata Porsche imewahi kuuza 911 zenye speza za milimita 5 kwa mteja aliyeziagiza, na kwamba kazi yenyewe haimalizi nusu siku. Mkaguzi wa magari nchini Australia atamwambia gari hilo halifai kuingia barabarani. Nchini Ujerumani ataulizwa kwanza cheti cha speza kiko wapi.

Kelele zimezidi tangu magari ya umeme yenye nguvu kubwa yaanze kuuzwa kwa wingi. Hofu mpya imeongezwa juu ya zile za zamani: kwamba mota ya umeme, kwa kuwa inatoa nguvu yake yote papo hapo, itakata skrubu za gurudumu. Wanaopinga wanaishika hoja hiyo kama rungu, na wanaotetea wanaicheka. Pande zote mbili zimekosea kidogo, kwa sababu zinajibu maswali mawili kana kwamba ni moja. Swali la kwanza ni mahali gurudumu linaposimama. La pili ni namna linavyoshikiliwa pale liliposimama. Speza inagusa yote mawili, lakini si kwa uzito sawa.

Kwa nini gurudumu limezama ndani

Kila rimu ina kipimo kinachoitwa ofseti: umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi kwenye uso unaogusa habu. Model 3 Performance za mwaka 2018 hadi 2023 zilitoka na rimu za inchi 20 zenye upana wa inchi 9 na ofseti ya milimita 34, juu yake tairi za 235/35. Speza ya milimita 15 inaishusha ofseti hiyo hadi 19. Umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia, ambao kiwandani ni milimita 1,580 mbele na nyuma, unafika 1,610.

Wengi wanaona nafasi iliyobaki kati ya tairi na ukingo wa bodi kama uzembe wa wabunifu. Si uzembe. Kanuni za Ulaya zinataka bodi iufunike upana wa tairi kuanzia nyuzi 30 mbele ya wima wa gurudumu hadi nyuzi 50 nyuma yake, ili maji na mawe yasirushwe kwa walio nyuma. Kuna nchi ambako minyororo ya theluji lazima ipate pa kupita. Bodi ileile inapaswa kupokea rimu za ukubwa mbalimbali, na gari likipakia watu watano kisha likaingia shimoni, tairi lisiguse chochote. Kisha kuna upepo, ambao kwenye gari la umeme ni hesabu ya fedha: tairi lililojificha ndani ya bodi linasumbuliwa kidogo na hewa, na kila wati inayookolewa hapo ni mwendo zaidi.

Hoja za wanaozitaka

Hoja ya kwanza, na ya kweli kuliko zote, ni sura. Gari lililosimama na magurudumu yake sambamba na bodi linaonekana limekamata ardhi. Ingekuwa vyema wauzaji waishie hapo, maana mnunuzi mzima ana haki ya kulipia sura.

Hoja ya pili ni uwezo wa kukata kona. Gari likipinda, uzito unahama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje, na kadiri magurudumu yanavyoachana, ndivyo uzito unaohama unavyopungua. Hili ni sahihi. Lakini kutoka milimita 1,580 hadi 1,610 ni ongezeko la asilimia 1.9, na faida inayopatikana iko kwenye kiwango hichohicho. Kwa gari ambalo betri yake, yenye karibu kilo 480, imelala chini ya sakafu, tatizo la uzito kuhama lilikwisha kupunguzwa kabla gari halijatoka kiwandani. Kubadilisha upepo wa matairi kidogo kutaonekana zaidi kwenye usukani. Anayetaka kubadilisha mizani kati ya mbele na nyuma, Model 3 Performance ina mfumo wake wa uwanja wa mbio, uliokuja kwa programu mwishoni mwa 2018, unaomruhusu dereva kuchagua bila kufungua nati hata moja.

Hoja ya tatu ndiyo inayostahili heshima zaidi, na haizungumzwi sana: kuna wakati speza inahitajika ili rimu ikae. Mtu ameweka breki kubwa zaidi na kalipa inagusa spoku. Mwingine ana seti ya rimu za majira ya baridi zenye ofseti kubwa mno. Model 3 Performance ya awali ina kisa chake: diski zake za breki zina ukingo mdogo uliotokeza kuzunguka kitovu, na rimu zake za inchi 20 zimechimbwa ndani ili kuupokea. Ukichukua rimu ya inchi 18 ya Model 3 ya kawaida, matundu matano yanalingana, kitovu cha milimita 64.1 kinalingana, lakini rimu inakaa juu ya ukingo ule badala ya kulala bapa kwenye diski. Jicho halioni. Ukingo huo unaihusu pia speza yenyewe: speza iliyoandikwa tu kuwa ni ya 5x114.3 na 64.1 inaweza kufungwa kwenye gari hili na isilale bapa.

Hoja ya beringi, na upande wake wa pili

Wapinzani huanza na beringi. Gurudumu likisogea nje, wanasema, beringi inabeba mzigo kama mtu anayeshika ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa badala ya kuikumbatia kifuani. Hesabu inawaunga mkono, lakini kwa sehemu tu.

Model 3 Performance ina uzito wa kilo 1,850 hivi, kwa hiyo kila gurudumu linabeba takribani nyutoni 4,500 gari likienda moja kwa moja. Speza ya milimita 15 inaongeza mkunjo wa nyutoni-mita 68 kwenye beringi. Sasa tazama kona kali. Tairi la nje linaweza kubeba nyutoni 6,900 na kusukumwa kwa pembeni kwa nguvu inayokaribia hiyo. Nguvu ya pembeni inafanya kazi chini kabisa, kwenye lami, sentimita 33 na nusu kutoka katikati ya ekseli, na mkunjo wake unapita nyutoni-mita 2,300. Mkunjo wa speza hapo ni kama 100. Tena unavuta upande ulio kinyume, maana lami inalisukuma tairi kwa ndani huku uzito ukiliinua kwa nje. Katika kona kali, basi, tairi la nje lenye speza linaipunguzia beringi mzigo kidogo badala ya kuuongeza.

Je, beringi iko salama? Hapana. Mtu anapiga kona kali kwa sekunde chache, kisha anasafiri kilomita mia moja moja kwa moja. Mbunifu amechagua ofseti ili katika safari hiyo ya kawaida safu mbili za gololi zigawane mzigo, na speza inausukuma mzigo kwenye safu ya nje. Umri wa beringi ya gololi hupungua kwa mchemraba wa mzigo: mzigo ukiongezeka kwa asilimia 10, umri unashuka hadi robo tatu. Kwa hiyo gharama ipo, na inalipwa polepole, kwenye barabara kuu iliyonyooka. Haiji kwa kishindo siku ya mbio.

Athari kwenye usukani nazo ni za aina hiyo. Sehemu ambayo tairi linagusa lami inasogea mbali na mhimili ambao gurudumu la mbele hupindia, kwa karibu milimita zilezile 15. Kila shimo na kila mfereji wa lami unapata mkono mrefu zaidi wa kuvuta usukani. Breki zikishika upande mmoja zaidi, mfano gurudumu moja likiwa kwenye maji, gari litataka kugeuka zaidi. Springi nazo zinajisikia laini kidogo, kwa kuwa tairi limepata nguvu zaidi ya kuzikandamiza.

Hapa pana jambo ambalo wapinzani hawapendi kulisema: yote haya yanatokea vilevile kwa mtu aliyenunua rimu mpya yenye ofseti ya 19 na hana speza hata moja. Beringi haijui kama gurudumu limesogezwa na pete ya alumini au na umbo la rimu. Anayekataa speza kwa sababu ya beringi huku akisifu rimu pana zenye ofseti ndogo anajipinga mwenyewe.

Je, nguvu ya umeme itakata skrubu?

Hapa tunaingia kwenye swali la pili, la kufungwa, na ndipo hofu mpya inapokaa.

Kazi ya kuzungusha gurudumu haifanywi na skrubu kwa kukatwa pembeni. Inafanywa na msuguano. Mwongozo wa Model 3 unataka nati zikazwe kwa nyutoni-mita 175. Kwa skrubu ya milimita 14 ya habu, ambayo mafundi huiita studi, nguvu hiyo ya kukaza huzaa nguvu ya kubana ya tani 6 na zaidi kwa kila studi, hivyo rimu inabanwa kwenye habu kwa zaidi ya tani 30. Ukichukua msuguano wa kawaida wa chuma na alumini wa 0.15, muungano huo unaweza kupitisha karibu nyutoni-mita 2,700 kabla rimu haijaanza kuteleza.

Mota itatoa kiasi gani? Jibu halimo kwenye mota, limo kwenye tairi. Tairi lenye mzigo wa kilo 600 kwenye lami kavu haliwezi kupitisha zaidi ya nyutoni-mita 2,000 hivi bila kuteleza, mota iwe ya umeme, ya petroli au ya roketi. Breki za mbele za gari la kawaida lenye uzito huo na matairi hayo hufika hapohapo mtoto anapokatiza barabara. Kwa hiyo hoja kwamba nguvu ya papo hapo ya umeme ni kitu ambacho studi hazijawahi kukutana nacho haisimami.

Lakini tazama nafasi iliyobaki: 2,700 dhidi ya 2,000. Fundi akikaza kwa 115 badala ya 175, uwezo unashuka hadi chini ya 1,800, na sasa gurudumu linaweza kuteleza kwenye habu kwa nyuzi isiyoonekana. Likianza kuteleza, studi zinaanza kubeba kazi ambayo haikuwa yao, zinapinda mbele na nyuma, na chuma kinachopindwa mara nyingi huchoka. Hapo ndipo gari la umeme linapotofautiana na ndugu zake. Kila dereva anapoinua mguu, mota inageuka kuwa jenereta na kuvuta gurudumu nyuma. Akikanyaga tena, inasukuma mbele. Mjini, badiliko hilo la mwelekeo hutokea mamia ya mara kwa siku, kwa nguvu ambayo injini ya petroli ikipunguza mwendo haiifikii. Kinachoweza kulidhuru gari hili si pigo moja kubwa la kuondoka taa ya kijani. Ni kwenda na kurudi kusikokwisha juu ya muungano uliolegea.

Aina za speza, na ile inayodanganya

Speza nyembamba ya milimita 3 au 5 ndiyo watu huiona haina madhara. Mara nyingi haina mdomo wa kuishika rimu katikati, na wakati huohuo inaumeza mdomo wa habu uliokuwepo. Rimu sasa inategemea nati peke yake ili ikae katikati, na mtetemo wa kilomita 110 kwa saa ndio malipo yake ya kwanza. Kisha inakula nyuzi za studi. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike angalau urefu sawa na kipenyo cha studi: kwa studi ya milimita 14 yenye hatua ya 1.5, ni mizunguko 9 na kidogo. Anayeongeza speza ya milimita 5 bila kubadilisha studi, kisha asihesabu mizunguko ya nati, amefanya kazi mbaya kuliko mwenye speza ya 15 iliyofungwa kwa utaratibu.

Aina ya pili ina unene wa 10 hadi 15, ina mdomo unaoingia kwenye rimu na tundu linalolingana na habu, na inafungwa kwa studi mpya ndefu zaidi. Hapa nati moja bado inabana kila kitu kwa pamoja. Kwa magari yanayotumia bolti, kama Porsche Taycan, ni rahisi zaidi: bolti ndefu kwa unene uleule. Ikizidi urefu, inaweza kugonga vitu vilivyo nyuma ya habu.

Aina ya tatu ni nene. Inafungwa kwenye habu kwa nati zake, na yenyewe ina studi zinazoshika rimu. Haina shida ya urefu wa nyuzi, lakini imezaa muungano wa pili, na ule wa ndani haukaguliki bila kulitoa gurudumu. Ikiwa ni nyembamba mno, ncha za studi za zamani zinachungulia na kuisukuma rimu isikae bapa. Alumini iliyofuliwa na kukatwa kwa mashine ndiyo inayofaa. Iliyomiminwa kwenye kalibu iachwe.

Uzito si hoja. Speza ya milimita 15 ina nusu kilo hivi, tena karibu na katikati ya gurudumu. Umbali wa chaji ni hoja kidogo. Mwaka 2021 wakala wa mazingira wa Marekani uliipa Model 3 Long Range maili 353 na Performance maili 315 kwa betri ileile, ishara ya jinsi rimu na matairi yanavyoweza kula umeme. Speza haibadilishi tairi, kwa hiyo hasara yake ni ya upepo tu. Rangi ya milango itaumia zaidi, kwa mawe yanayorushwa na tairi lililotoka nje.

Kila nchi na falsafa yake

Mwongozo wa Australia wa kubadilisha magari, VSB 14, unakataza speza kati ya habu na rimu isipokuwa gari lilitoka nazo kiwandani, huku ukiruhusu gari la abiria kupanuliwa hadi milimita 25 kwa rimu. Kwa maneno mengine, umelijibu swali la mahali kwa kipimo na swali la kufungwa kwa katazo. Ni sheria kali, lakini inajua inachokiogopa.

Ujerumani imeenda njia nyingine. Speza inaruhusiwa ikiwa na cheti cha majaribio kwa gari husika, na mara nyingi mkaguzi lazima aione ilivyofungwa. Asiye na karatasi anaweza kupoteza kibali cha gari kuwa barabarani. Uingereza haina katazo la jumla, ila mwenye gari asiyemjulisha bima yake anajitafutia kesi siku ya ajali. Marekani, sheria ya udhamini ya 1975 inamzuia mtengenezaji kufuta udhamini wote kwa sababu ya kipuri cha nje tu, lakini beringi iliyokufa kwenye gari lenye speza haitapata mtetezi.

Afrika Mashariki speza zinajulikana zaidi kwenye Land Cruiser na Subaru kuliko kwenye Tesla, ambazo bado ni chache na huletwa na watu binafsi. Ila desturi ya kukaza nati kwa spana ndefu na kisigino cha mguu itazifuata huko zitakakokwenda, na hesabu ya 2,700 dhidi ya 2,000 haimwachii kisigino nafasi. Pwani kuna la ziada: alumini na chuma vikigusana kwenye hewa ya chumvi vinalana, na speza iliyoachwa miaka mitatu bila kufunguliwa huenda isitoke bila nyundo.

Hukumu

Nikipima yote, mahali pa gurudumu ni suala la bei: milimita 15 zinanunuliwa kwa beringi inayokufa mapema na usukani wenye kelele kidogo, na mtu anaweza kukubali bei hiyo akijua. Kufungwa ni suala la uhai, na halina punguzo.

Anayetaka sura na ana fedha anunue rimu zenye ofseti anayoitaka, zenye nafasi ya ukingo wa diski za Performance. Atalipa gharama ileile ya beringi lakini hatakuwa na kipande cha ziada cha kulegea. Anayetaka kubaki na rimu zake, milimita 10 hadi 15, zenye mdomo, zenye cheti, pamoja na studi ndefu, zinatosha. Zaidi ya hapo kwenye gari hili ni kutafuta msuguano na bodi. Speza nyembamba zisizo na mdomo zisifungwe kabisa. Zile zenye muungano wa pili zisiingie uwanja wa mbio.

Kabla ya kufunga, nyuso zote zisuguliwe hadi chuma cheupe, zisibaki kutu wala rangi, kwa sababu rangi ikisagika nguvu ya kubana inapungua na nati haitakuambia. Hesabu mizunguko ya kila nati. Kaza kwa spana yenye kipimo, endesha kilomita 80 hadi 100, kisha kaza tena kwa kipimo kilekile. Gereji isiyo na spana hiyo isiguse magurudumu ya gari lako, yawe na speza au yasiwe nazo.